Robert Smalls: Mtumwa aliyetoroka na meli ya jeshi, akaingia bungeni

Usiku wa kuamkia Mei 13, 1862, mtumwa mwenye umri wa miaka 23 aliing'oa nanga meli ya jeshi la majimbo ya Kusini ya Marekani katika bandari ya Charleston, akapita nayo mbele ya ngome tano zenye mizinga na kuifikisha kwa maadui wa mabwana zake.

Mtumwa huyo alikuwa Robert Smalls, ambaye ni miongoni mwa wanaokumbukwa kila Februari, Marekani inapoadhimisha Mwezi wa Historia ya Watu Weusi.

Smalls alizaliwa Aprili 5, 1839 mjini Beaufort, Carolina Kusini, katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba ya Henry McKee. Mama yake, Lydia, alikuwa mtumwa wa kazi za ndani katika familia hiyo.

Akiwa na miaka 12 alipelekwa Charleston kukodishwa kama kibarua. Alihudumu hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akahamia bandarini, ambako alijifunza njia zote za maji. Ujira wake ulikwenda kwa McKee. Yeye aliachiwa dola moja tu kwa wiki.

Mwaka 1856 alimwoa Hannah Jones, mtumwa aliyefanya kazi hotelini. Kwa sheria za wakati ule, mtoto wa mtumwa alikuwa mali ya bwana wa mama yake. Binti yao alipozaliwa, Smalls aliulizia bei ya kuwakomboa mkewe na mtoto, akatajiwa dola 800. Pamoja na kujinyima kote, alikuwa na dola 100.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, majimbo ya Kusini yakiutetea utumwa kwa silaha, Smalls aliwekwa katika meli ya Planter, iliyosafirisha askari na zana za vita. Ndiye aliyeiongoza bandarini, lakini hakuitwa rubani, kwa kuwa cheo hicho hakikutolewa kwa mtu Mweusi. Aliitwa mshika usukani tu.

Usiku ule maofisa watatu Wazungu walikwenda kulala mjini, kinyume cha amri. Ilipofika saa tisa usiku, Smalls na wenzake waliondoa meli, wakapitia gati jingine kuwachukua wake na watoto waliokuwa wamejificha. Wote walikuwa 16. Walikwishakubaliana kwamba wakigundulika wataizamisha meli wakiwa ndani yake, kuliko kurudishwa utumwani.

Akiwa amevaa kofia ya nahodha, Smalls alipiga honi kwa ishara iliyotakiwa katika kila ngome. Saa 10:30 alfajiri alipita Fort Sumter, na walinzi waliposhtuka, meli ilikwisha kuwa nje ya masafa ya mizinga yao. Akashusha bendera ya Kusini na kupandisha shuka nyeupe, muda mfupi kabla meli ya Muungano iitwayo Onward haijafyatua risasi.

Kwa kuileta meli hiyo, mizinga na kitabu cha ishara za siri, Smalls alizawadiwa dola 1,500, karibu mara mbili ya bei iliyowashinda wazazi wale.

Agosti mwaka huo alikwenda Washington pamoja na wengine kuomba Weusi waandikishwe jeshini, na kibali cha kuandikisha hadi watu 5,000 kikatolewa. Desemba 1863, nahodha wa Planter alipojificha chini kwa kuhofia makombora, Smalls aliiokoa meli hiyo na kupewa unahodha wake.

Aliinunua pia nyumba ya McKee, iliyouzwa na serikali kwa kodi ambayo haikulipwa. Mmiliki wa awali alipodai irudishwe, Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa ushindi Smalls mwaka 1878.

Smalls alijifunza kusoma baada ya kuwa huru. Katika mkutano wa kuandika Katiba ya Carolina Kusini mwaka 1868, alipigania shule za umma za bure kwa watoto wote. Kati ya mwaka 1875 na 1887 alikaa katika Baraza la Wawakilishi la Marekani kwa vipindi tofauti.

Safari hiyo haikuwa shwari. Mwaka 1877, Wazungu waliopinga haki za Weusi waliporejea madarakani jimboni, alitiwa hatiani kwa rushwa, shitaka alilolikana. Alisamehewa mwaka 1879.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1895, jimbo lilipoandika katiba mpya iliyoweka masharti ya kusoma na ya mali kwa wapiga kura. Lengo lilikuwa kuwaondoa Weusi katika daftari la kura. Smalls, mmoja wa wajumbe Weusi sita tu, alipinga na kukataa kutia saini, lakini katiba ilipita.

Aliendelea kuwa mkuu wa forodha Beaufort hadi mwaka 1913. Alifariki dunia Februari 23, 1915, akiwa na miaka 75, katika nyumba ileile ambayo nyuma yake alizaliwa mtumwa. Kura aliyoitetea ilisubiri sheria ya shirikisho ya mwaka 1965 ili Weusi wa Kusini waipate tena.

Mwaka 2023, Jeshi la Wanamaji la Marekani liliondoa jina la Chancellorsville, vita ambavyo Kusini ilishinda, katika moja ya manowari zake. Manowari hiyo ikapewa jina la Robert Smalls, mtu aliyenyimwa hata cheo cha rubani.