JAMES WATT: MTU MWENYE JINA LIKO NYUMA YA KILA AMPLI



Nyuma ya kila ampli kuko namba na herufi W. Herufi ile ni jina la mtu, James Watt. Kila siku tunasema wati, wati, lakini maisha yake wengi hatuyajui.

Watt alizaliwa tarehe 19 Januari 1736 kule Greenock, mji wa bandari katika Uskoti. Utotoni alikuwa mtu wa kuguaguwa, akafundishwa sana nyumbani. Mwaka 1755 akaenda London kujifunza ufundi wa vyombo vya kupimia. Mwaka 1757 Chuo Kikuu cha Glasgow kikampa chumba cha kazi. Basi alianza kama fundi wa vipimo, na vipimo havikumwacha.

Mwaka 1763 akapewa kutengeneza mfano mdogo wa mashini ya mvuke ya Newcomen. Akaona inapoteza mvuke mingi, juu silinda ileile ilipashwa moto na kupozwa kila mara. Mwaka 1765 wazo likamjia: mvuke upozwe katika chombo kingine, silinda ibaki ya moto. Lakini feza ilimsumbua miaka, na mwaka 1773 bibi yake wa kwanza akafa. Mwaka 1775 akaungana na Matthew Boulton, tajiri wa Birmingham. Mashini zao zikatoa maji katika migodi kwa makaa kidogo sana kuliko zamani.

Wakati mashini zilianza kuzungusha vinu, shida ikatokea. Mnunuzi alizoea farasi. Alitaka kujua: mashini hii itachukua nafasi ya farasi wangapi? Watt akahesabu kazi ya farasi wa kinu: wanavuta uzito gani, umbali gani, kwa wakati gani. Akaweka nguvu ya farasi mmoja kuwa sawa na kuinua karibu kilo 76 kwa urefu wa metre 1 kila segonde. Farasi akijikaza kwa kitambo anaweza kupita hapo mara nyingi. Lakini Watt hakuchukua nguvu ya kitambo. Alichukua ile ya farasi anayezunguka saa kwa saa, maana ndiyo kazi mnunuzi anailipia.

Alikufa tarehe 25 Agosti 1819, mwenye miaka 83. Mwaka 1882 William Siemens akaomba wenye elimu waite kipimo cha nguvu kwa jina lake. Nguvu ya farasi ya Watt ni karibu wati 746.

Sasa turudi kwa ampli. Kuko zinazoandikwa wati 100, kumbe ni nguvu ya kilele, ya kitambo tu. Nguvu ya kudumu, ile mafundi wanaita RMS, inaweza kuwa 50 ao chini. Ndiyo farasi wa kujikaza wanauzwa kwa bei ya farasi wa kazi! Udanganyifu huo ulizidi mpaka mwaka 1974 Marekani ikaweka sheria: matangazo ya ampli za nyumbani yaonyeshe nguvu ya kudumu, pamoja na ohmu za bafle na kiasi cha sauti kuharibika.

Tena, wati 100 hazilii mara mbili ya wati 50. Sikio linasikia tofauti kidogo tu. Ili lisikie mara mbili, inaomba wati karibu mara kumi.

Wandugu, kwaya na vikundi vyetu vinanunua vyombo kwa makuta ya watu wengi, wengine maskini. Mbele ya kutoa feza hiyo tuulize muuzaji mambo matatu: wati ngapi za kudumu? Kwa bafle ya ohmu ngapi? Sauti inabaki safi? Akikosa jibu, namba kubwa kwenye kartoni isitutishe. Mtu mwenye jina lile alipima kazi ya siku nzima.