Mwenda Jean Bosco: gitaa moja la Likasi lililosikika dunia nzima

Mtu akitaja Kakontwe, wengi hufikiri mawe ya chokaa. Wataalamu wa miamba hata walichukua jina hilo la hapa Likasi wakalipa jiwe lenyewe. Lakini kuna kitu kingine kilichotoka katika mji huu na kufika mbali kuliko chokaa na shaba: sauti ya gitaa la Mwenda Jean Bosco.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao makuu ya zamani ya mfalme Msiri. Jina la Mwenda ni zito kwa Bayeke, kwa sababu Msiri mwenyewe alilibeba. Ndiyo maana baadaye mwanamuziki huyu alipenda kujiita Mwenda wa Bayeke.

Kama vijana wengi wa wakati ule, alifuata maisha mjini. Likasi iliitwa Jadotville, na Union Minière ilivuta watu kutoka kila upande: Wabemba, Waluba, Wasanga, watu wa Rhodesia na wa Nyasaland. Kiswahili kiliwaunganisha kazini na mitaani. Jioni, gitaa liliwakusanya tena.

Bosco alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba lilishika sauti nzito za chini, kidole cha shahada kilicheza juu, na msikilizaji aliyefumba macho aliweza kuapa kwamba kuna watu wawili. Ndani ya vidole hivyo mlikuwa na ngoma za Katanga na za Zambia, sahani za Cuba zilizoletwa Kongo, na hata nyimbo za filamu za cowboy.

Mwezi wa pili mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika Jadotville. Alimkuta kijana huyo wa miaka kama 22 akipiga gitaa barabarani, akamrekodi. Moja ya nyimbo hizo ni Masanga, iliyotolewa Afrika Kusini kwenye sahani za Gallotone.

Tulinganishe kidogo. Miaka michache kabla, Desemba 1947, Dizzy Gillespie aliingia studio ya RCA Victor huko New York na orkestra kubwa ya jazz, tarumbeta na saksafoni zikiwa zimepangwa safu kwa safu, kurekodi Manteca. Chano Pozo, mpiga ngoma kutoka Cuba, alileta humo midundo ambayo mababu walivuka nayo bahari kutoka Afrika. Jadotville hakukuwa na orkestra ya namna hiyo. Kulikuwa na mtu mmoja, gitaa moja na mashine moja. Hata hivyo, mtaalamu David Rycroft aliketi miaka ya 1960 kuandika upigaji wa Bosco noti kwa noti, kama vile wengine walivyochambua jazz.

Sahani zilimtangulia Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikaa kwa muda Nairobi, akawa na kipindi chake redioni, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza kwa kumsikiliza. Binamu yake Edouard Masengo naye alipata jina huko. Mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la Newport, Marekani.

Lakini sifa si mshahara. Nyakati zilibadilika: gitaa za umeme na orkestra za rumba kutoka Kinshasa zilijaza baa na redio, na mtu mmoja mwenye gitaa kavu alionekana wa zamani. Bosco hakulazimisha. Alikuwa na kazi nyingine, akafanya kazi ya ofisi na ya kampuni ya migodi, akafanya biashara, akalea familia. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Mwingereza John Low alipofika Shaba kujifunza upigaji huo, alimkuta mwalimu yungali hai na vidole vyake bado vinajua njia. Mwaka 1988 Bosco alirekodi tena, safari hii studioni Cape Town.

Miaka miwili baadaye, Septemba 1990, ajali ya gari nchini Zambia ilimaliza maisha yake. Alikuwa na miaka 60.

Leo kijana wa Kakontwe mwenye simu anaweza kuisikia Masanga kwa dakika tatu. Kilicho kigumu kupata ni wale waliomwona akipiga mitaani Jadotville. Mtoto wa miaka 10 wakati ule sasa amepita 80. Aliye na mzee wa namna hiyo nyumbani amuulize leo, na simu ile ile inaweza kurekodi jibu lake.