Nikolai Sergeyev na Hati za Baleti

Nikolai Sergeyev, mzaliwa wa St. Petersburg (1876), hakuvuma kwa utunzi. Alikuwa msimamizi wa baleti katika ukumbi wa Mariinsky. Alipoihama Urusi baada ya mapinduzi ya 1917, aliondoka na hati zilizohifadhi ngoma za Marius Petipa kwa mfumo wa Vladimir Stepanov, ambao huandika miondoko ya mwili kwa alama mfano wa noti za muziki. Wapo wanaomwita mwizi. Lakini ngoma isiyoandikwa hufa na wachezaji wake.

Kwa hati hizo aliwafunza Waingereza, na katika mwaka wa 1934 akaonyesha London Giselle, Kivunja Njugu na Ziwa la Mabatamaji. Kule Urusi, kazi hizo zilizidi kubadilishwa hadi sura yake ya awali ikafifia. Sergeyev alifariki Nice mwaka wa 1951, na hati zikafika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1969. Zina mapengo: mara nyingi miguu imeandikwa, mikono imeachwa. Hata hivyo, ndizo alizozitegemea Sergei Vikharev kumrejesha Mrembo Aliyelala Mariinsky mwaka wa 1999. Baadhi ya wachezaji wa ukumbi huo walinung'unika. Walikuwa wamelizoea toleo la 1952.