John Joly na Vidoa vya Ndani ya Jiwe

John Joly alizaliwa tarehe 1 Novemba, 1857, katika nchi ya Ireland, naye alikuwa mtoto wa kasisi. Mwaka 1876 aliingia Trinity College mjini Dublin, na tangu mwaka 1897 hata kufa kwake alikuwa profesa wa elimu ya mawe hapo hapo. Alikuwa hodari wa mambo mengi. Alibuni njia ya kupiga picha za rangi, na mwaka 1914 alishirikiana na daktari mmoja kutibu saratani kwa sindano zenye hewa itokayo katika radiamu.

Mwaka 1899 Joly alitaka kujua umri wa dunia. Alikadiria chumvi yote ya baharini, akaigawa kwa kiasi kiletwacho na mito kila mwaka. Jawabu lilikuwa miaka milioni 80 au 90. Wengi waliisifu hesabu hiyo, naye mwenyewe aliiamini sana.

Ikawa mwaka 1907 akatazama ulanga kwa darubini. Ulanga ni yale madini yamemetayo, yabandukayo kama karatasi. Ndani yake mna vidoa vyeusi vya mviringo, na katikati ya kila kidoa mna punje ya madini mengine, kama zirkoni. Joly alieleza sababu: punje ile ina urani kidogo, na urani hurusha chembe ziitwazo alfa. Chembe hizo haziendi mbali, hazifiki hata sehemu 5 katika 100 za milimita, lakini huuharibu ulanga mahali zipitapo.

Wataalamu waliomfuata waligundua kwamba punje yenyewe huumia zaidi. Kila atomi irushayo alfa hurudi nyuma kwa kishindo, ikasukuma jirani zake, kama matofali ya ukuta uliogongwa. Baada ya miaka mamilioni mengi zirkoni hupoteza mpango wake. Hupungua ugumu, huvimba hata kufikia karibu sehemu 18 katika 100, na kuyapasua madini yanayoizunguka.

Mwaka 1913 Joly na Rutherford walipima weusi wa vidoa vya ulanga wa Ireland ili kujua umri wake. Vingine vilionyesha zaidi ya miaka milioni 400! Hapo vidoa vyake mwenyewe viliipinga chumvi yake mwenyewe. Joly hakukubali upesi. Alidhani huenda zamani urani ilioza kwa kasi zaidi. Hata hivyo hakuzificha hesabu zile, bali alizichapisha watu wote wazisome.

Alifariki tarehe 8 Desemba, 1933. Leo twajua kwamba dunia ina miaka kama milioni 4,550, na kwamba bahari hupoteza chumvi kama ipokeavyo. Vidoa vilikuwa karibu na ukweli kuliko chumvi.

Basi, wanafunzi wenzangu, tukipata katika maabara jawabu lisilotupendeza, tusilifute daftarini.