Hans Nielsen Hauge, Mkulima Aliyefuma Soksi Njiani

Katika nchi ya Norway, iliyo mbali sana upande wa kaskazini wa Ulaya, majira ya baridi si kama baridi yetu ya mwezi wa Julai. Sisi tukaao karibu na Kilimanjaro huiona theluji kwa mbali juu ya Kibo, na wengi wetu hatujaikanyaga kamwe. Kule theluji hushuka mpaka kizingiti cha nyumba. Hufunika mashamba, hufunika njia, na maji ya maziwa hugeuka kuwa magumu kama jiwe, hata watu na farasi huweza kupita juu yake. Jua huchelewa kutoka na kuwahi kuchwa, na katika pande za kaskazini kabisa kuna majuma ambayo halionekani hata kidogo. Wakati huo mtu mwenye busara hukaa nyumbani karibu na moto. Habari ninayotaka kuwaandikia ni ya mtu ambaye kwa muda wa miaka karibu minane hakukaa.

Jina lake ni Hans Nielsen Hauge. Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1771 katika shamba liitwalo Hauge, pande za Tune, kusini ya nchi ile, si mbali na mji wa Fredrikstad. Siku zile Norway ilitawaliwa na mfalme wa Denmark, na maafisa wa serikali pamoja na wachungaji walisomea huko Copenhagen. Baba yake alikuwa mkulima mcha Mungu. Nyumbani mwao kulikuwa na Biblia, na Katekisimo ya Luther pamoja na maelezo yake yaliyoandikwa na Askofu Pontoppidan, na kitabu cha Johann Arndt juu ya Ukristo wa kweli. Kijana Hans hakupelekwa katika shule kubwa, lakini mikono yake ilikuwa hodari. Alijua useremala, alijua kufua chuma, alijua kufuga nyuki. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alizama katika mto Glomma, akaokolewa akiwa karibu kufa. Na tangu siku ile swali la kwenda kwake baada ya kufa halikumwacha tena.

Tarehe 5 Aprili 1796, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 25, alikuwa akilima kwa plau katika shamba la baba yake, huku akiimba wimbo wa kanisani. Katikati ya kazi ile moyo wake ulijazwa furaha na mwanga kwa namna ambayo hakuweza kuieleza vema hata alipokuwa mzee. Aliona ameitwa kuwaambia watu watubu na kumwamini Kristo. Hakwenda mbali kwanza: aliwaambia ndugu zake wa nyumbani, kisha jirani, kisha watu wa mitaa ya karibu. Katika mwaka ule ule aliandika kitabu chake cha kwanza, akakipeleka Christiania, mji ambao leo huitwa Oslo, kikapigwe chapa.

Sasa yafaa msomaji ajue jambo moja, maana pasipo hilo hataelewa yaliyofuata. Tangu mwaka wa 1741 ilikuwako sheria ya mfalme juu ya mikutano ya dini. Sheria ile iliweka mikutano ya majumbani chini ya uangalizi wa mchungaji wa mahali, na ilimkataza mtu asiyewekewa mikono kutembea huku na huku akihubiri. Tena palikuwa na sheria nyingine juu ya wazururaji. Mtu aliyeonekana akienda toka mtaa mpaka mtaa, hana bwana, hana shamba, hana kazi ijulikanayo, aliweza kukamatwa na kutiwa katika nyumba ya kazi za adhabu. Basi Hauge alipotoka nyumbani kwao na kushika njia, alikuwa na hatia mara mbili machoni pa wakubwa: kwanza kwa sababu ya kinywa chake, pili kwa sababu ya miguu yake.

Kinywa chake hakuweza kukifunga. Lakini kwa habari ya uzururaji alikuwa na jibu, na jibu hilo lilikuwa mikononi. Alipokuwa akitembea, alifuma. Alichukua uzi wa sufu na sindano za kufumia, na huku miguu ikikanyaga theluji, vidole vilifuma soksi na glovu. Nadhani kila mtoto wa Norway ameisikia habari hii. Wengine huisimulia kwa kucheka, lakini mimi naona si jambo la kuchekesha. Mtu aliyewahi kutembea mwendo wa kutwa wakati wa baridi, hata hii yetu ya milimani, anajua jinsi vidole vinavyotaka kufichwa ndani ya nguo. Yeye hakuvificha.

Alipofika katika nyumba ya mkulima hakukaa kitini kama mgeni wa heshima akingoja kuandaliwa. Alishika kazi iliyokuwapo. Wakati wa baridi katika mashamba ya Norway kazi za nje ni chache, lakini za ndani ni nyingi: kuna nafaka ya kupura ghalani, kuna kuni za kupasua, kuna vyombo vilivyovunjika vya kutengeneza, na wanawake husokota sufu. Mgeni alifanya kazi pamoja nao, na katika kufanya kazi alisema nao. Alisema nao juu ya roho zao, tena aliwashauri juu ya mashamba yao, maana aliona mambo mengi mema katika mtaa mmoja akayapeleka katika mtaa mwingine. Jioni watu wa nyumba na jirani walikusanyika, wakaimba, akawasomea, akawaeleza. Kesho yake kabla ya mapambazuko alikuwa njiani. Mshahara wa kuhubiri hakudai. Walimu wetu wa sharika ambao huacha jembe saa ya mafundisho na kulirudia baada ya mafundisho hawatashangaa. Lakini kwa watu wa Norway wa siku zile, waliozoea kumsikia mtu aliyesoma tu na kuvaa joho tu, ilikuwa ajabu kubwa.

Labda mtu atauliza kwa nini hakungoja majira ya joto. Majira ya joto pia alitembea. Lakini katika nchi ile kiangazi ni kifupi, na kila mtu yuko shambani tangu asubuhi mpaka usiku, au milimani na mifugo, au baharini. Wakati wa baridi watu wamo nyumbani wote. Tena ziwa au kinamasi ambacho wakati wa joto hulazimu kukizunguka, wakati wa baridi hupitika moja kwa moja. Hauge alikwenda kwa miguu, na penye theluji nyingi alitumia ski, yaani zile mbao mbili ndefu zifungwazo miguuni ili mtu ateleze juu ya theluji asizame. Kati ya mwaka wa 1796 na 1804 mwendo wake wote ulizidi kilometa 10,000, na sehemu kubwa aliikwenda kwa miguu yake mwenyewe. Alifika Bergen magharibi, Trondheim kaskazini, na mwaka wa 1803 alifika hata Tromsø, mji ulio mbali upande wa kaskazini ambako wakati wa baridi jua hutoweka.

Vitabu vyake vilimtangulia na kumfuata. Inahesabiwa kwamba katika miaka ile nakala kama 200,000 za maandiko yake zilienea, na hali watu wote wa Norway, wakubwa kwa wadogo, katika hesabu ya mwaka wa 1801 walikuwa karibu 880,000 tu. Wakulima wengi waliojua kusoma lakini hawakuwahi kushika kalamu walijifunza kuandika ili wapate kuandikiana barua wao kwa wao.

Mikono yenye kazi haikumwokoa na kifungo. Siku za Krismasi mwaka wa 1797 alikamatwa karibu na Fredrikstad, akafungwa kama mwezi mmoja, kisha akaachiliwa. Katika baridi ya mwaka wa 1799 kuingia 1800 alikamatwa huko Trondheim, akahukumiwa kukaa mwezi mmoja katika nyumba ya kazi za adhabu, kama mzururaji. Mtu yule aliyefanya kazi hata akitembea aliwekwa pamoja na watu waliokataa kazi. Alikamatwa tena na tena katika mahali pengine. Kila mara alipofunguliwa alishika njia.

Mimi ni mchungaji, na sharti niseme jambo hili lisilo tamu. Waliompeleka kwa wakubwa mara nyingi walikuwa wachungaji. Si wote walikuwa watu wabaya. Wengine waliogopa kwa haki kwamba kila mtu akihubiri apendavyo, kundi litatawanyika; na Hauge naye katika vitabu vyake vya kwanza aliwaandika wachungaji kwa maneno makali kupita kiasi, jambo ambalo baadaye yeye mwenyewe alilijutia. Lakini wengine waliona wivu tu, kwa kuwa viti vya kanisa vilikuwa vitupu na jikoni kwa mkulima hapakuwa na mahali pa kusimama. Nimesoma habari hizi mara nyingi, nami sikuweza kuzisoma bila kujiuliza kama ningalikuwa mchungaji wa Fredrikstad siku ile ya Krismasi, ningalifanya nini.

Mwaka wa 1801 Hauge alipata haki ya mfanya biashara katika mji wa Bergen. Sasa hakuna aliyeweza kumwita mzururaji. Alinunua na kuuza, alipeleka nafaka na kuleta samaki kwa majahazi, na pamoja na rafiki zake alianzisha kiwanda cha karatasi huko Eiker. Aliwatafutia rafiki zake mashamba na kazi, akawatuma mmoja huku na mmoja huku, nao walisaidiana kwa fedha. Hapo ndipo shauri lilipogeuka. Zamani alishitakiwa kwa kuwa hana kazi. Sasa alishitakiwa kwa kuwa anazo nyingi. Wakubwa walisema anakusanya mali ya watu wajinga katika hazina moja, na ya kuwa ataleta dola ndani ya dola.

Mwezi wa Oktoba 1804 alikamatwa huko Eiker, akapelekwa Christiania. Alikuwa na umri wa miaka 33, mwenye nguvu zake zote. Serikali iliunda baraza la kumchunguza, na baraza lile lilisikiliza mashahidi zaidi ya 600 katika nchi nzima, kazi iliyochukua miaka. Naye alikaa ndani. Mtu aliyezoea njia na upepo alifungiwa katika chumba kidogo, na afya yake iliharibika huko kwa namna ambayo baridi ya milimani haikuweza kuiharibu.

Lakini hata gerezani mikono yake ilihitajiwa. Tangu mwaka wa 1807 Denmark na Norway zilikuwa katika vita na Uingereza, na meli za Waingereza zilizuia bandari. Chumvi ikaadimika, na pasipo chumvi samaki wengi wa Norway hawawi akiba ya baridi. Mwaka wa 1809 wakubwa walikumbuka kwamba mfungwa wao ni mtu wa maarifa. Wakamtoa, wakamtuma pwani ya kusini aanzishe mahali pa kupikia chumvi kwa maji ya bahari. Akaenda, akaifanya kazi, chumvi ikapatikana. Kazi ilipokwisha, akarudi gerezani. Nakiri kwamba hapa ningependa kusikia ya kuwa mtu mmoja katika serikali aliona haya.

Mwaka wa 1811 aliruhusiwa kutoka na kukaa Bakkehaugen, shamba dogo karibu na mji, hali kesi bado haijakwisha. Hukumu ilitoka Desemba 1813: miaka miwili ya kazi ngumu. Akaomba ihukumiwe tena, na mwezi wa Desemba 1814 adhabu ilipunguzwa ikawa faini ya riksdaler 1,000 pamoja na gharama za kesi. Ya kwamba aliwaibia watu mali yao halikuthibitika. Kosa lililobaki lilikuwa lile lile la mwaka wa 1796, la kuhubiri pasipo ruhusa na kuwasema vibaya wachungaji.

Tangu hapo hakusafiri tena, mwili haukuweza. Mwaka wa 1815 alioa mke, Andrea, na kabla mwaka haujaisha mke huyo akafa baada ya kuzaa mtoto wa kiume, aliyeitwa Andreas. Mwaka wa 1817 alioa tena, mke wa pili akiitwa Ingeborg Marie, akahamia shamba la Bredtvet. Rafiki walimjia huko toka pande zote, wakiwamo sasa wachungaji na hata maaskofu. Mwaka wa 1821 aliandika wasia kwa rafiki zake, naye hakuwaambia wajitenge. Aliwaagiza wakae katika kanisa lao, wapokee sakramenti kwa mikono ya wachungaji, wawatii wenye mamlaka. Aliyeandika hayo alikuwa ametumia miaka bora ya maisha yake gerezani kwa ajili ya mamlaka hayo. Alifariki tarehe 29 Machi 1824, akiwa hajatimiza miaka 53, akazikwa katika uwanja wa kanisa la Aker.

Sheria ya mwaka wa 1741 ilifutwa mwaka wa 1842. Katika mwaka huo huo huko Stavanger waliungana watu wa Norway kuunda chama cha misioni, na wengi wao walikuwa wafuasi wa Hauge. Mwaka uliofuata mjumbe wao wa kwanza, Schreuder, alisafiri kuja kwa Wazulu, kusini mwa bara letu. Na yule mtoto Andreas, aliyefiwa na mama yake akiwa mchanga, alisoma elimu ya dini, akawekewa mikono, akawa mchungaji.