Andreas Vesalius: Mwalimu Aliyeshuka Kitini

Mwalimu wa sayansi hupimwa kwa yale anayowaonyesha wanafunzi wake, wala si kwa yale anayowasomea tu. Jambo hili twaliona katika maisha ya Andreas Vesalius, aliyezaliwa Brussels mwaka 1514.

Enzi hizo somo la mwili wa binadamu lilikuwa na desturi yake. Mwalimu aliketi juu ya kiti kirefu akisoma maandishi ya Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2. Kinyozi ndiye aliyepasua maiti, nao wanafunzi walitazama kwa mbali. Macho yalipopingana na kitabu, kitabu ndicho kilichoaminiwa.

Vesalius hakuridhika. Alipopata shahada ya udaktari huko Padua, Italia, Desemba 1537, aliteuliwa mara moja kufundisha. Akashuka kitini, akashika kisu mwenyewe, akawasogeza wanafunzi karibu na kuwaandalia michoro mikubwa.

Mwanzoni naye alimfuata Galen. Katika michoro ya mwaka 1538 alionyesha mtandao wa mishipa midogo ya damu chini ya ubongo wa binadamu. Lakini katika vichwa vya watu hakuuona. Umo katika kondoo na ng'ombe. Ndipo alipotambua kwamba Galen alipasua wanyama, hasa kima, kisha akayahamishia kwa mwanadamu. Galen alidai pia kwamba taya la chini la mtu ni mifupa miwili, kumbe ni mmoja. Mwaka 1543, akiwa na umri wa miaka 28, Vesalius alichapisha kitabu chake kikuu mjini Basel, na humo akakiri kosa lake mwenyewe. Sylvius, aliyemfundisha Paris, alimshutumu vikali. Vesalius alifariki mwaka 1564 katika kisiwa cha Zakynthos, akirejea kutoka Yerusalemu.

Tusifiche upande wa pili. Maiti zile zilikuwa za watu walionyongwa, na nyingine zilifukuliwa makaburini kwa siri. Hakuna aliyeombwa ridhaa. Elimu haihalalishi kumvunjia heshima marehemu.

Nasi je? Mwalimu wa shule ya msingi Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, hahitaji maiti. Samaki mmoja na moyo wa mbuzi kutoka buchani vyatosha. Kwanza wanafunzi waseme wanachotazamia kukiona. Kisha afungue mbele yao. Mwisho walinganishe na kitabu. Moyo wa mbuzi una vyumba vinne kama wetu, wa samaki una viwili. Asiyewaeleza tofauti hiyo atarudia kosa lilelile la Galen. Na mwanafunzi akiona jambo ambalo mwalimu hakulitaja, tusimnyamazishe. Tuiname pamoja naye, tutazame tena.