Benjamin Creme na picha za mgeni wa Kawangware

MCHORAJI Benjamin Creme, aliyefariki dunia jijini London mnamo Oktoba 24, 2016 akiwa na umri wa miaka 93, alitumia zaidi ya miaka 40 kuutangazia ulimwengu kwamba mwalimu mkuu aitwaye Maitreya alikuwa amekwisha kurejea duniani. Alihutubu Ulaya, Marekani na Japani. Hata hivyo, ushahidi aliopenda mno kuuonyesha ulitoka Kawangware, Nairobi.

Creme alizaliwa Glasgow, Scotland, mnamo Desemba 5, 1922. Aliacha shule akiwa kijana wa miaka 16 ili ajishughulishe na uchoraji. Baadaye alizama katika vitabu vya Helena Blavatsky na Alice Bailey, vinavyosimulia kuhusu walimu wa siri wanaowaongoza binadamu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alijiunga na chama cha Aetherius cha London, ambacho wafuasi wake waliamini kwamba viumbe wa sayari nyingine huzungumza na watu. Mwaka wa 1959, kwa maelezo yake mwenyewe, alianza kupokea ujumbe moyoni kutoka kwa mmoja wa walimu hao.

Tangu hapo masuala ya visahani vya angani hayakumtoka. Alimtetea hadi uzeeni George Adamski, Mmarekani aliyefariki mwaka wa 1965, ambaye picha zake za mwaka wa 1952 zilizua ubishi mkubwa. Adamski alisema ni chombo kutoka sayari ya Zuhura. Wakosoaji waliona kifuniko cha taa. Kwa Creme, ubishi huo ulikuwa umekwisha, maana mwalimu wake alikuwa amemthibitishia kuwa picha hizo ni za kweli.

Mnamo Aprili 1982 wafuasi wake walinunua kurasa nzima katika magazeti makubwa ya dunia kutangaza kwamba Kristo yupo. Mei mwaka huo, mbele ya wanahabari mjini Los Angeles, Creme alisema Maitreya anaishi miongoni mwa Waasia wa London na kuwaalika wamtafute. Hakupatikana. Kwa mtu mwingine yeyote, aibu hiyo ingetosha.

Kisha ikaja Juni 11, 1988. Katika kijiji cha Muslim, Kawangware, umati ulikuwa umekusanyika kwa maombi yaliyoongozwa na nabii Mary Akatsa. Kawangware, kama Kibera iliyo upande wa pili wa Barabara ya Ngong, ni mtaa wa vibanda vya mabati, na wakazi wake wengi huamka alfajiri kutafuta vibarua. Gazeti la Kenya Times, lililomilikiwa na chama tawala cha KANU, lilichapisha taarifa ya Job Mutungi siku chache baadaye: watu wapatao 6,000 waliamini wamemwona Yesu mchana kweupe. Mgeni huyo mrefu, mwenye ndevu, kanzu nyeupe na kilemba, alizungumza Kiswahili, akawaambia Wakenya kwamba wamebarikiwa na kuahidi kurudi na baraka tele. Aliondoka kwa gari, akashuka kwenye kituo cha mabasi ya nambari 56, akatembea kidogo na, kwa mujibu wa taarifa hiyo, akatoweka.

Picha zilikuwepo, na ndizo zilizomfikia Creme. Alitangaza kwamba aliyeonekana ni Maitreya, aliyetoka London na kurudi huko kwa muujiza. Jarida lake la Share International likazichapisha, na zikaendelea kuonyeshwa kwa miaka mingi.

Hapa ndipo penye utata. Katika ubishi wa visahani, swali huwa kama kilichopigwa picha kilikuwepo. Huku Kawangware mtu alikuwepo. Maelfu walimwona na kamera ikamnasa. Lakini kanzu, kilemba na ndevu havitoi jina la mtu, na Nairobi haikosi wanaume wa sura hiyo. Picha haiwezi kuonyesha kutoweka, wala safari ya London. Sehemu hizo zote zilitegemea neno la mashahidi na, zaidi, neno la mwalimu ambaye hakuna aliyemsikia isipokuwa Creme.

Isitoshe, waumini waliokuwa pale hawakusema wamemwona Maitreya. Walisema Yesu. Creme aliueleza umoja wa majina hayo kwa imani yake, lakini walioshuhudia hawakuwahi kuombwa idhini ya kubadilishiwa walichokiona. Sauti yao, ambayo ndiyo ingepaswa kuwa na uzito, ilibaki chini ya maelezo ya mtu ambaye siku hiyo hakuwa Kenya.

Creme aliendelea kuidhinisha picha za mianga angani kwa njia ile ile, na mwaka wa 2010 alitoa kitabu kizima kuhusu visahani na kazi yake ya kiroho. Maitreya hakuwa amejitokeza hadharani kama alivyoahidi alipofariki, miaka 28 baada ya mkutano wa Kawangware.